Ziwa Si la Wenye Mageti

Mwambie mtu wa Kayole kwamba Jumamosi unaenda Naivasha kujifunza kuvua ukiwa ndani ya kayaki. Jibu liko tayari: "Wacha mambo ya wazungu." Mwambie samaki mwenyewe anaitwa blakibasi, atakuuliza hiyo basi inabeba steji gani. Sawa, tucheke. Halafu tujiulize nani alitufundisha hilo jibu la kwanza.

Mwanzo ulikuwa wa wazungu, hatukatai. Blakibasi ni samaki wa Marekani, aliyeletwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 ili walowezi wapate mchezo. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa asili ya Louisiana, na blakibasi akapata chakula. Lakini hata mpira wa miguu uliletwa na wazungu, na hakuna kijana wa Kaloleni anayesema si wake.

Utasikia pia kwamba ni mchezo wa pesa. Jigi ni ndoana yenye kichwa cha risasi (metali, si ile tunayoijua mtaani) iliyovalishwa nyuzi za mpira. Mafundi wa Kamukunji wanaofua jiko na masanduku kutwa nzima watashindwaje na hiyo? Kayaki ndiyo ghali, lakini chama kinachonunua hema na viti vya kukodisha kinaweza kununua kayaki pia.

Kinachotakiwa zaidi ni mkono uliotulia. Unaitupa jigi kando ya mafunjo au kwenye migunga iliyokufa maji yalipopanda. Unaiacha izame mpaka chini. Unainua ncha ya fimbo kidogo, unaishusha, ili itambae kama kamba anayekimbia. Mara nyingi samaki huishika ikiwa inashuka, na unachosikia ni kagongo kadogo tu kwenye uzi. Ukizubaa, ameitema. Upepo nao unakusukuma, kwa hiyo mkono mmoja fimbo, mwingine kasia. Kijana anayening'inia mlangoni mwa mathree akihesabu chenji atashindwa na hayo?

Hatari ipo. Naivasha kuna viboko, na kayaki kwa kiboko ni kitu kidogo sana. Usiingie bila mvuvi wa pale anayejua wanakolala, wala bila jaketi la kuokolea. Leseni chukua. Lakini msitugeuzie kiboko kuwa askari wa geti.

Maana shida yenyewe ni geti. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaweka maziwa na mito kwenye ardhi ya umma. Sasa zunguka Naivasha: shamba la maua, hoteli, ua, shamba tena. Sehemu ambazo mwananchi wa kawaida anaweza kufika majini bila kulipa au kuulizwa anatafuta nani zinahesabika kwa vidole. Kila mwaka Safari Rally ikija tunakaribishwa kwa mikono miwili, tule vumbi, tuache pesa, turudi Nairobi. Zile kilomita 90 hivi tunazimudu. Hatua mia za mwisho ndizo tunazuiwa.

Na hapa mjini? Mwaka 2024, baada ya mafuriko, mita 30 kutoka mtoni ziliwafikia watu wa Mathare kwa tingatinga. Serikali ikitaka, inajua kupima ukingo wa maji. Basi ipime na kule.

Kaunti ya Nakuru ifungue njia za umma mpaka ziwani, zenye vibao na bila ada ya mtu binafsi. Kaunti ya Nairobi ijenge mabwawa ya kuogelea ya umma Eastlands, kwa sababu huwezi kumpa mtoto kasia kabla hajajua kuogelea. Na sisi tuache kumchekea msee anayebeba fimbo ya kuvulia ndani ya mathree. Tumuulize anarudi lini, na kama kuna nafasi ya mmoja zaidi.