Nguzo kwa Amri

Napenda nguzo. Nalitanguliza hilo kwa sababu kwenye darasa letu la uzamili wa usanifu majengo, ukitaka uonekane umekomaa kifikra, sharti uzicheke. Nguzo za mawe, ngazi pana, paji la pembetatu juu ya mlango: vyote vinazungumzwa kama suti ya babu iliyotolewa sandukuni. Mimi sizicheki. Mtu anayepanda ngazi za mahakama ya aina hiyo anajua bila kuambiwa kwamba hapa ni mahali pa hukumu. Akifika kwenye sanduku la vioo inambidi amuulize mlinzi mlango uko wapi. Kwa hiyo nitakayoyasema kuhusu Justin Shubow hayatoki kwa mtu anayechukia alichokitetea miaka yote hii.

Shubow ni rais wa National Civic Art Society, asasi isiyolenga faida iliyoanzishwa 2002 mjini Washington. Kazi yake ni kutetea usanifu wa klasiki, ule wenye asili ya Ugiriki na Roma, katika majengo ya serikali na minara ya kumbukumbu. Yeye mwenyewe si msanifu. Alisoma falsafa na sheria, na ukimsikiliza utaisikia sheria: anajenga hoja kama wakili anayejua hakimu anaangalia saa. Asasi yenyewe ni ndogo. Hata hivyo, katika muda wa miaka kumi na ushei, imeyumbisha sera ya majengo ya serikali ya Marekani kuliko chama cha kitaifa cha wasanifu chenye wanachama maelfu kwa maelfu. Ukitaka kujifunza jinsi kiongozi wa asasi ndogo anavyoweza kuigeuza nchi kubwa, huyu ni mwalimu. Ukitaka kujifunza jinsi ushindi unavyoweza kuila asasi yenyewe, pia.

Alianza vizuri. Mwaka 1999 Congress iliunda tume ya kumjengea Rais Eisenhower kumbukumbu. Miaka kumi baadaye kazi ikapewa Frank Gehry, msanifu aliyekuwa tayari na jina duniani kote. Gehry akachora uwanja uliozungukwa na mapazia makubwa ya nyuzi za chuma, yenye picha ya mandhari ya Kansas alikokulia Eisenhower. Wajukuu wa marehemu hawakuyapenda. Wasanifu wengi wakawatazama kwa jicho la huruma, kama watu wasioelewa sanaa. Shubow akasimama upande wao. Mwaka 2012 aliandika ripoti ndefu iliyochambua mradi ule: namna msanifu alivyopatikana, gharama, uimara wa mapazia, na ujumbe ambao mpita njia angeupata. Akaenda kutoa ushahidi mbele ya wabunge. Fedha za ujenzi zikakwama bungeni kwa muda, mchoro ukabadilishwa, na mandhari ya Kansas yakapisha mwambao wa Normandy. Kumbukumbu ilizinduliwa Septemba 2020, ikiwa bado ya Gehry, lakini imepitia mikono mingi.

Unaweza kusema alichelewesha mradi bure. Mimi naona alifanya kazi halali kabisa ya kiongozi wa asasi. Alisoma, akaandika, akawauliza wenye madaraka maswali ambayo hawakuyataka, na mwishoni uamuzi ukabaki kwa waliochaguliwa na wananchi. Laiti angeishia hapo.

Ili kuelewa alikokwenda baadaye, turudi 1962. Mwaka huo kijana mmoja wa serikali ya Kennedy, Daniel Patrick Moynihan, aliyekuja kuwa seneta, aliandika ukurasa mmoja hivi wa miongozo ya majengo ya serikali kuu. Alisema serikali isiwe na mtindo rasmi, na kwamba ubunifu utoke kwa wasanifu kwenda serikalini, usitoke serikalini kwenda kwa wasanifu. Vyuoni waraka huo unasomwa kwa unyenyekevu. Lakini usome tena polepole. Wasanifu wamo. Serikali imo. Yule bibi atakayepanga foleni mle ndani kufuatilia pensheni yake hayumo mezani. Miaka kumi na mitatu baadaye Washington ilizindua makao makuu ya FBI, mlima wa zege tupu ambao wakazi wengi wa mji ule hawajaupenda hadi leo, na hakuna aliyewahi kuwauliza.

Tundu hilo Shubow aliliona kabla ya wengi wetu, na ninampa haki yake. Oktoba 2020 asasi yake iliilipa kampuni ya Harris Poll ifanye utafiti wa maoni. Watu wazima zaidi ya 2,000 walionyeshwa picha za majengo, mbilimbili, moja la jadi na moja la kisasa, wakaulizwa lipi wangelipendelea kwa mahakama au ofisi ya serikali. Asilimia 72 walichagua la jadi, wafuasi wa vyama vyote viwili wakiwemo kwa wingi. Wenzangu huutupilia mbali utafiti huo kwa kusema watu wanachagua walichokizoea. Sawa, na sisi je? Tunachagua tulichofundishwa. Picha ya uso wa jengo haisemi kama lifti inafanya kazi au kama kiti cha magurudumu kitapita, hilo ni kweli, lakini majibu ya watu 2,000 hayafutiki kwa kukunja pua.

Sasa tazama tundu lilivyozibwa.

Mwaka 2018 Rais Trump alimteua Shubow kuingia kwenye Commission of Fine Arts, tume ya watu saba iliyoundwa 1910, ambayo hupitia michoro ya majengo na kumbukumbu za serikali mjini Washington. Desemba 2020, rais akiwa ameshashindwa uchaguzi, alitia saini amri ya kuutukuza usanifu wa klasiki na wa jadi katika majengo ya serikali kuu, jambo ambalo asasi ya Shubow ililipigania na kulishangilia. Mwezi uliofuata makamishna wenzake walimchagua kuwa mwenyekiti wa tume. Februari Biden akaifuta amri. Mei akamtaka Shubow na wenzake watatu wajiuzulu, alipokataa, akaondolewa. Agosti 2025 amri ikarudi, na safari hii imekaza zaidi: mjini Washington klasiki iwe ndiyo chaguo la kwanza, isipokuwa pawe na sababu ya pekee, kwingineko, mahakama za serikali kuu, makao makuu ya idara na majengo yanayozidi dola milioni 50 yaelekezwe kwenye klasiki au jadi. Na idara ya majengo ikitaka kupitisha mchoro unaokwenda kinyume, imtaarifu Rais mapema, siku 30 kabla ya kufikia hatua ambapo mchoro huo hauwezi tena kukataliwa bila hasara kubwa.

Ni kifungu hicho cha mwisho kinachoninyima usingizi kuliko nguzo zote. Kilio cha asasi kwa muda wote huo kilikuwa kwamba mwananchi haulizwi. Dawa iliyopatikana ni kwamba aulizwe Rais. Asilimia 72 ya Harris Poll wamegeuka kuwa mtu mmoja mwenye meza. Na kwa kuwa jambo limewekwa mikononi mwa mtu mmoja, linageuka kila anapogeuka: lilikuja Desemba, likafutwa Februari, likarudi Agosti. Mahakama huchukua miaka kuchorwa na kujengwa. Msanifu anayeanza leo hajui atamaliza chini ya ladha ya nani.

Kisha kuna suala la viti viwili. Mwaka 2021, kwa miezi michache, mtu yuleyule alikuwa rais wa asasi inayotetea mtindo mmoja na mwenyekiti wa tume inayopima mitindo yote. Sina ushahidi kwamba alikiuka sheria, na sidai hivyo. Lakini kwenye mpira hata wa mchangani, katibu wa timu hapewi filimbi, hata kama ni mwadilifu, hata kama ndiye anayezijua kanuni kuliko wote uwanjani. Wanaomtetea husema wajumbe wa zamani wa tume hiyo nao walikuwa na mapenzi yao, ya usasa. Ni kweli, na hilo lilikuwa baya pia. Asasi iliyozaliwa kuupinga upendeleo huo ilipaswa kudai filimbi ya refa asiye na jezi. Badala yake ikaomba filimbi iwe yake.

Njia nyingine ilikuwepo, na iko kusini kidogo, Atlanta. Huko Rodney Mims Cook Jr. anaongoza National Monuments Foundation, asasi nyingine isiyolenga faida yenye mapenzi yaleyale. Mwaka 1996, wakati wa Olimpiki, alishiriki kusimamisha mnara wa wanariadha, wenye nguzo na sanamu za wanaume walioinua tufe la dunia. Mwaka uliofuata Diana alipofariki, watu wa Atlanta walijikuta wakipeleka maua pale, bila kutumwa na yeyote. Mwaka 2008 asasi yake ilifungua Millennium Gate, tao kubwa la Kirumi lenye makumbusho ndani yake, kwenye ardhi iliyokuwa ya kiwanda cha chuma. Wako wanaolicheka tao lile. Roma kati ya maghorofa ya Georgia ni kichekesho, nakubali. Lakini limejengwa, limesimama, na anayelicheka anapita chini yake kama anayelipenda. Hakuna msanifu aliyeamriwa na serikali achore kama Cook. Hivyo ndivyo ladha inavyoshindana. Inasikitisha kwamba naye, Januari 2021, aliteuliwa kwenye tume ileile ya Washington. Kiti kile kina sumaku.

Kuna jambo lingine ambalo amri haiwezi kulifanya, nalo ni kujua kesho kipi kitaitwa klasiki. Washington yenyewe inatoa ushahidi. Mnara mrefu kuliko yote pale, Washington Monument, mita 169 za mawe, haukutoka Athens wala Roma. Ni umbo la Misri ya kale, la bonde la Nile. Hatua chache kutoka hapo yako makumbusho ya historia na utamaduni wa Wamarekani weusi, yaliyofunguliwa Septemba 2016. Mbunifu wake mkuu, David Adjaye, amezaliwa Dar es Salaam kwa wazazi kutoka Ghana. Jengo limevikwa ngazi tatu za paneli 3,600 za rangi ya shaba, na umbo hilo limechukuliwa kwenye kichwa cha nguzo ya Kiyoruba iliyochongwa kwa mti. Nakshi za paneli zinakumbusha ufundi wa chuma wa mafundi watumwa wa majimbo ya kusini. Mwinuko wa pembe zake umefuata ncha ya mnara ulio jirani.

Nguzo, basi. Imetoka Yorubaland, inasalimiana na mnara wa asili ya Nile, katikati ya mji uliojifunza nguzo zake kwa Wagiriki. Amri ya 2025 haikuyagusa makumbusho hayo, yalishajengwa. Lakini mchoraji mwingine akija na wazo kama hilo kwa mahakama ya Washington, itambidi kwanza ajieleze kama mgeni asiye na viza: sababu yako ya pekee ni ipi? Mpenzi wa kweli wa klasiki angelifurahia jengo lile, kwa sababu linafanya kilekile ambacho Jefferson na wenzake walikifanya, kuchukua umbo la kale la watu wengine na kulifanya liseme jambo jipya.

Mwisho niseme kuhusu makatapila. Oktoba 2025 yaliingia Ikulu ya Marekani kubomoa jengo la upande wa mashariki, lililoanza 1902 na kupanuliwa 1942, ili kupisha ukumbi wa dhifa. Ukumbi unachorwa kwa mtindo wa klasiki, nguzo nyeupe kila upande. Simbebeshi Shubow mzigo wa makatapila hayo. Nasema tu kwamba ukishawafundisha watawala kuwa uzuri ni jambo la kuamriwa, usishangae wakiona kusubiri ushauri ni kupoteza muda. Siku nane baada ya kazi kuanza, wajumbe wote waliosalia kwenye Commission of Fine Arts, chombo ambacho kingepaswa kuutazama mchoro huo, walifukuzwa. Mwaka 2021 Shubow alilalamika kwamba hakuna kamishna aliyewahi kuondolewa tangu tume iundwe. Alikuwa na haki ya kulalamika. Safari hii waliondolewa sita kwa mkupuo.

Wakati huo asasi nyingine, National Trust for Historic Preservation, iliyopewa hati na Congress mwaka 1949, iliandika barua. Kiongozi wake, Carol Quillen, hakuzungumzia kama nguzo ni nzuri au mbaya. Aliomba kazi isimame hadi mipango ipitiwe hadharani na wananchi wapate kusema, akionya kwamba ukumbi wa futi za mraba 90,000 utaimeza nyumba yenyewe, yenye 55,000. Barua ina tarehe 21 Oktoba. Makatapila yalikuwa yameanza tarehe 20, na wiki ile haikuisha kabla jengo halijalala chini. Desemba wakaenda mahakamani.