Jalada Lisilo na Sura ya Mfalme

NENO LA MHARIRI

Jalada la toleo hili lina ngoma, halina mfalme. Wasomaji kadhaa wa Kasulu na Kibondo walitushauri tuchoreshe sura ya Ntare Rushatsi, anayetajwa na masimulizi kuwa mwasisi wa ufalme wa Burundi. Mkondo mmoja wa masimulizi hayo unasema alitokea huku kwetu Buha. Ushauri wao ulikuwa wa nia njema. Mtoto wa Kibondo anastahili kujua kuwa historia ya nchi hii haikuanzia pwani wala kwenye boma la Wajerumani. Hata hivyo tumekataa, na sababu ya kukataa ndiyo iliyoongoza uteuzi wa makala zote mtakazosoma humu.

Tuanzie mbali kidogo. Kwa karne nyingi Wafaransa walihesabu wafalme wao kuanzia kwa Pharamond, mkuu wa Wafranki aliyesemekana kuwa alitawala tangu mwaka 420 hivi. François Eudes de Mézeray alipoanza kuchapisha historia yake kubwa ya Ufaransa mwaka 1643, jina la Pharamond lilikaa kwenye anwani yenyewe ya kitabu, na kurasa zilipambwa kwa picha za wafalme zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba na kupigwa chapa. Picha za Pharamond za zama zile zinamwonyesha mtu mzima mwenye ndevu, taji na fimbo ya enzi, kana kwamba aliwahi kukaa mbele ya mchoraji. Hakukaa mbele ya mchoraji yeyote. Askofu Gregory wa Tours, aliyeandika historia ya Wafranki mwishoni mwa karne ya 6 na kuulizia kwa bidii habari za wafalme wao wa mwanzo, hamtaji kabisa. Pharamond anaingia katika ukoo wa wafalme kwenye kitabu cha mwaka 727, yaani miaka 300 baada ya utawala wake kudhaniwa kuanza.

Waliochonga picha hizo hawakuwa matapeli. Ilikuwa ndiyo kazi yao. Guillaume Rouillé alichapisha mjini Lyon mwaka 1553 kitabu cha sura za watu mashuhuri, na sura za kwanza humo ni za Adamu na Hawa. Msomaji alitaka ukoo wenye nyuso, na mchapaji akampatia. Ubaya ni kwamba picha haiwezi kusema "inasemekana". Mzee anaposimulia habari za mfalme wa kale huacha mlango wazi: wengine husema hivi, kwetu tulisikia vile. Msikilizaji huondoka akijua kuwa amesikia simulizi. Picha iliyopigwa chapa huufunga mlango huo. Inasema huyu ndiye, na macho yakishazoea, akili haiulizi tena.

Pale Ufaransa mazoea hayo yaligeuka kuwa itikadi. Mwaka 1714 Nicolas Fréret aliwasomea wanazuoni wenzake wa Paris makala iliyochambua asili ya Wafranki bila kuzionea haya hekaya za fahari. Muda mfupi baadaye akajikuta katika gereza la Bastille, na wengi tangu hapo wameyaunganisha mambo hayo mawili. Zaidi ya miaka 100 baadaye, katika miaka ya 1840, jumba la Versailles lilikuwa bado linachorewa mchoro mkubwa wa Pharamond akiinuliwa juu ya ngao na askari wake. Wasomi walikuwa wamekwisha kumwondoa katika orodha, lakini picha zilikuwa zimemwimarisha.

Jina lake lilitumika pia katika mambo mazito kuliko mapambo. Pharamond alihusishwa na sheria ya Salic, na sheria hiyo ndiyo iliyotajwa kuwa msingi wa kuwazuia wanawake wasirithi taji la Ufaransa. Shakespeare aliuingiza mgogoro huo katika tamthilia yake ya Henry V, ambamo askofu mkuu anabishana kuhusu Pharamond na sheria hiyo ili kuhalalisha vita. Mfalme asiyejulikana kama aliwahi kuishi alikuwa anaamua nani atawale na nani avamiwe.

Hapa msomaji wa Kasulu ana la kujibu kutoka nyumbani. Kiti cha ufalme wa Heru katika miaka ya 1940 kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare, aliyetawala wakati wa Waingereza na baadaye akaingia bungeni katika miaka ya uhuru. Hatuhitaji kumbuni. Alikuwepo, alisikika, alipigwa picha, na wapo wazee waliomwona kwa macho yao. Hata hivyo vijana wengi wa Kasulu wanaopita kila siku kwenye barabara ya Heru Juu hawajawahi kuiona picha yake hata moja. Tunaharakia kumpa sura mtu asiye na sura, na huku mwenye sura tunamwacha asahaulike.

Turudi kwa Ntare Rushatsi. Jan Vansina, aliyekusanya na kuchambua masimulizi ya Burundi na kutoa kitabu chake mwaka 1972, alionyesha kuwa simulizi la mwasisi lina mikondo zaidi ya mmoja. Mmoja unamleta kutoka kaskazini, upande wa Rwanda. Mwingine unamtoa Buha na kumpitisha Nkoma, kusini-mashariki mwa Burundi, akiwa na nywele nyingi zisizonyolewa na vazi la ngozi ya kondoo. Kuhusu wakati wake, wapo wanahistoria wanaomweka karne ya 16 na wapo wanaomweka mwishoni mwa karne ya 17. Tofauti hiyo inatokana na namna wanavyohesabu mzunguko wa majina ya kifalme ya Burundi, yaani Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa, na mara ngapi umerudiwa. Huo ndio utajiri wa simulizi: njia mbili, nyakati mbili, na katikati yake watu waliokuwa wakibishana kuhusu nani ana haki ya kutawala. Mchoraji angelazimika kuchagua njia moja na kuufuta ubishi wote.

Na kuna uchaguzi mwingine mzito zaidi. Mchoraji atampa mfalme huyu urefu gani? Pua gani? Rangi gani? Katika nchi za Maziwa Makuu maswali hayo yana damu. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, alieneza dhana kuwa wafalme wafugaji wa eneo hili walikuwa jamii ya wageni waliotoka upande wa Ethiopia na kuwashinda wenyeji, na kwamba waliwazidi kwa ubora. Tawala za kikoloni ziliichukua dhana hiyo, zikayasoma masimulizi ya waasisi kana kwamba ni vyeti vya uzao, na hatimaye maumbile ya mtu yakafanywa ushahidi wa haki yake. Waha wana historia yao ya Watutsi na Wahutu, ya wafugaji na wakulima, ya ng'ombe waliokabidhiwa na utii uliodaiwa kwa ajili yake. Historia hiyo inastahili kuandikwa kwa uangalifu. Picha ya jalada yenye pua nyembamba au nene ingeihukumu kabla ya mtu hajafungua ukurasa wa kwanza.

Kibondo na Kasulu haziwezi kuliona jambo hili kama mjadala wa wasomi tu. Watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na wale waliokimbia baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, walivuka mpaka kuja kwetu. Majina ya Kanembwa, Nduta, Mtendeli, Mtabila na Muyovosi yameingia katika historia ya wilaya zetu kama majina ya kambi. Machafuko ya mwaka 2015 yalipozuka huko Burundi, kambi ya Nyarugusu ikafurika, na Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya. Wenyeji waligawana nao kuni, maji, soko na mashamba, na mara nyingine waligombana nao pia. Njia ambayo simulizi linampitisha Ntare kwenda ndiyo ambayo mamia ya maelfu ya watu wameipita kuja. Jarida linalosomwa katika eneo kama hili halina ruhusa ya kuchezea sura ya mwasisi.

Kukataa picha ya kubuni hakuna maana ya kukataa picha. Ufaransa hiyohiyo inatufundisha upande wa pili. Mei 1653, fundi aliyekuwa akifanya kazi ya ujenzi mjini Tournai, leo Ubelgiji, alifukua kaburi la Childeric, mfalme wa Wafranki aliyekufa mwaka 481 au 482. Huyu alikuwepo kweli. Ndani mlikuwa na silaha, sarafu, mamia ya vidude vya dhahabu vyenye umbo la nyuki, na pete ya muhuri. Juu ya pete hiyo ilichongwa sura ya mtu mwenye nywele ndefu zilizoshuka mabegani, mkuki mkononi, na maneno ya Kilatini yanayomtaja mfalme Childeric. Jean-Jacques Chifflet alivichunguza vitu hivyo kimoja kimoja, akavichoresha, na mwaka 1655 akachapisha kitabu chake mjini Antwerp. Mwaka 1831 wezi wakaingia katika maktaba ya Paris ilimotunzwa hazina ile na kuiba sehemu kubwa; dhahabu nyingi iliyeyushwa, na pete haikupatikana tena. Anayetaka leo kujua kaburi lile lilikuwa na nini hurudi kwenye picha za Chifflet.

Basi wapo wachonga chapa wa namna mbili. Wa kwanza alichora alichotamani kiwepo, akaacha kizazi kikibishana kuhusu mtu asiyethibitika. Wa pili alichora alichokishika, na chapa yake ikakihifadhi hata baada ya kitu chenyewe kupotea. Jarida hili limeamua kusimama na wa pili.

Ndiyo maana jalada lina ngoma. Mchoraji aliwekewa ngoma mbele yake, akaichora kama ilivyo: gogo la mti mmoja lililotobolewa ndani, ngozi ya ng'ombe iliyokazwa kwa vigingi vya mti kuzunguka mdomo, kigingi kimoja kilichovunjika, na alama ya mikono na fimbo katikati ya ngozi. Hatukumwambia aongeze chochote. Katika falme za Maziwa Makuu ngoma ilikuwa enzi yenyewe. Burundi walikuwa na Karyenda, na ngoma zao za kifalme ziliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Ngoma za upande wetu hazijapata heshima hiyo, na baadhi ziko majumbani, zikiliwa na mchwa.

Vipo vingi vya kuchora na kuandika kwa mtindo huo. Majina yenyewe ya falme za Buha bado yanafanya kazi: mpiga kura wa Kibondo humchagua mbunge wa Muhambwe, na kwa miaka mingi wa Kakonko alikuwa akimchagua mbunge wa Buyungu. Uvinza kuna visima vya chumvi ambavyo wachimbaji wa mambo ya kale wameonyesha kuwa vilitumika tangu karne ya 5 au ya 6, wakati uleule wa Childeric. Tunajua kazi ya watu wale kwa vigae na majivu yao, na elimu hiyo ni imara kuliko jina lolote la mfalme ambalo tungewabandika. Hata wasafiri wa kigeni walituachia vitu vinavyoshikika. Stanley alipopita Buha mwaka 1871 akielekea Ujiji, alitozwa hongo, yaani ushuru wa njia, na mtawala aitwaye Mionvu, na akaandika jinsi alivyovaa: vazi jekundu lililoshuka toka begani hadi kisigino, na kitambaa kipya cha merikani kichwani. Picha iliyozunguka dunia kutokana na safari ile ni ya Wazungu wawili wakisalimiana Ujiji. Mionvu, aliyeisimamisha safari nzima mpaka alipolipwa haki yake, hakuzunguka dunia.

Makala za toleo hili zimefuata kanuni tatu. Simulizi limeandikwa kama simulizi, likitajwa limesikika upande gani, na mikondo inayopingana imewekwa pamoja. Kila picha ina maelezo chini yake yanayosema imetoka wapi na lini. Na pale msanii alipochora kwa kubuni, kama katika kurasa za watoto, tumeandika wazi kwamba ni mchoro wa msanii wa leo. Tunawaomba walimu wa shule za Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe wafanye vivyo hivyo kwenye mabango ya madarasani.

Tuna ombi jingine kwa wasomaji. Mwaka 1963 sheria iliondoa mamlaka ya machifu nchini, na tangu hapo vitu vingi vya enzi vimebaki mikononi mwa familia bila orodha. Mwenye picha ya Mwami Theresa Ntare ndani ya albamu, mwenye kigoda, mkuki, barua ya baraza au daftari la kodi la babu yake, asituletee kitu chenyewe. Akipige picha mchana, aandike nyuma ya nakala ni cha nani na kimetoka kijiji gani, kisha atutumie nakala. Chenyewe kibaki kwao, ila kumbukumbu yake iwe ya wote. Kazi hiyo inaweza kuanza wiki hii, na haimngoji mtafiti kutoka Dar es Salaam wala Ulaya.

Ntare Rushatsi ataendelea kusimuliwa katika vilima vya Buha na ng'ambo ya mpaka, na tunataka asimuliwe, kwa mikondo yake yote. Tunachokataa ni kumfunga katika sura moja ambayo kesho itatumika kumwambia jirani kuwa yeye si wa hapa. Watoto wetu tuwape simulizi lililo wazi na ushahidi uliotunzwa, nao wataijua historia yao bila kumtegemea Pharamond wa kwao.