Jina Limechukuliwa, Lugha Imeachwa

Wako wasomi wanaodai kwamba filamu za safari za angani ni upuuzi wa watoto, na kwamba mtu anayeshughulika na utamaduni wa taifa asipoteze wino wake juu yake. Hatukubaliani nao. Sisi tulio huku Ikinga, wilayani Ileje, tumezipenda filamu hizo tangu zama za kanda za video. Na mwenye kupenda ana haki ya kuhoji.

Mchezo wa Star Trek ulianza kuonyeshwa katika televisheni ya Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Miongoni mwa mabaharia wa chombo kile alikuwamo mwanamke Mwafrika, ofisa wa mawasiliano, aliyeitwa Uhura. Jina hilo lilitokana na neno letu uhuru, ambalo Tanganyika ilikuwa imelitimiza kwa vitendo miaka mitano tu kabla. Katika onyesho la siku ile ile ya kwanza Uhura alisemeshwa kwa Kiswahili, na mwaka 1967 alisikika akikisema mwenyewe. Kilikuwa Kiswahili cha kuchechemea, lakini kilikuwa Kiswahili.

Mwaka 2009 mwongozaji J. J. Abrams aliufufua mchezo huo katika sinema kwa waigizaji wapya, na filamu nyingine mbili zikafuata mwaka 2013 na 2016. Uhura, aliyeigizwa zamani na Nichelle Nichols, sasa akawa Zoe Saldana. Hapo ndipo watazamaji wa sinema waliposikia jina lake la kwanza: Nyota. Wengi wetu walipiga makofi. Lakini jina hilo lilitumiwaje? Kijana Kirk analiwinda baa kama mtu anayetongoza. Likawa fumbo la mzaha, wala hakuna anayeeleza maana yake. Kisha, mwaka 2013, Uhura huyo huyo anasimama mbele ya Waklingoni na kuwahutubia kwa lugha yao, lugha ya kubuni isiyo na kijiji wala kaburi la babu, ambayo mtaalamu Marc Okrand aliitolea kamusi mwaka 1985.

Wapenzi wenzetu watasema kwamba Uhura mpya amepewa kazi kubwa kuliko yule wa kale, ambaye mara nyingi aliketi tu akipokea salamu za wengine. Ni kweli, na hilo twalisifu. Cheo kimeongezeka, asili imepungua.

Hata hivyo, lawama tusiwatwike wageni peke yao. Huwezi kumtaka jirani akiheshimu chungu ambacho wewe mwenyewe umekificha uvunguni. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, miaka minne kabla ya ile ya Kiklingoni. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari pia. Hata leo sayansi ya sekondari ingali inafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Ileje hutoka nyumbani na Kindali, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akafika kidato cha kwanza na kuona kana kwamba mbingu nazo zimebadili lugha. Je, maneno kimwondo na mwandamo wa mwezi tuliazima kwa nani? Na kimwondo cha Mbozi, chuma kizito kilichoshuka kutoka angani, si kimelala humu humu mkoani Songwe?

Basi, ndugu walimu, wapelekeni wanafunzi wakakione, kisha waandike hadithi za safari za angani kwa Kiswahili fasaha. Nanyi wanafunzi, msingoje filamu ya nne iwatendee haki. Atakayeandika mabaharia wa nyota wanaoagizana, wanaogombana na kupatana kwa Kiswahili, huyo atakuwa amelirudishia jina la Uhura maana yake.