Asilimia tupu haitoshi kuwapima watahini



Nina dukuduku kuhusu utafiti unaofanywa juu ya mitihani ya vitendo ya wanafunzi wa udaktari na uuguzi.

Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Scotland, walieleza mtihani ambao mwanafunzi huzunguka kituo hadi kituo akipimwa kwa orodha maalum. Vyuo vingi duniani vimeufuata. Watafiti nao huwaweka watahini wawili wamtazame mwanafunzi mmoja, kisha hutangaza kwamba watahini walikubaliana kwa asilimia 82. Msomaji huridhika. Mimi siridhiki.

Tuchukue wanafunzi 100. Kila mtahini amefaulisha 90 na kuangusha 10. Waliofaulishwa na wote wawili ni 81, aliyeangushwa na wote wawili ni mmoja, na 18 waliobaki huyu kawafaulisha, yule kawaangusha. Makubaliano ni asilimia 82, sawa. Lakini hata kama watahini hao wangefumba macho na kuchagua kwa kura kumi wa kuwaangusha, tungetazamia wakubaliane kwa wanafunzi 82 vile vile! Kijana amerudishwa nyumbani kwa sababu ya mtahini aliyempata, na mwingine aliyepita kwa njia hiyo hiyo kesho atashika sindano wodini.

Jacob Cohen wa Marekani alilitafutia jambo hili dawa mwaka 1960. Kipimo chake, kiitwacho kapa kwa jina la herufi ya Kigiriki, huondoa kwanza makubaliano ya bahati. Katika mfano wangu jibu lake ni sifuri. Watahini wametoka kapa kweli kweli! Kwa madaraja ya A hadi E iko kapa yenye uzito, ya mwaka 1968, ambayo haihesabu tofauti ya A na B sawa na ya A na E.

Wengine hukimbilia kipimo cha uhusiano wa alama. Hicho nacho kinapotosha. Mtahini akimpa kila mwanafunzi alama 10 pungufu ya mwenzake, uhusiano utakuwa kamili, yaani 1, na huku mwenye 58 kwa huyu ana 48 kwa yule. Kama alama ya kufaulu ni 50, ameanguka. Bland na Altman walionya juu ya matumizi ya namna hii katika jarida la Lancet mwaka 1986, wakashauri zitazamwe tofauti zenyewe.

Sisemi kapa haina kasoro. Pale karibu wote wanapofaulu huweza kushuka sana ingawa watahini wanaelewana. Kwa hiyo jedwali lenyewe lichapishwe. Katika mfano wangu ndilo linalofichua kuwa kati ya 19 walioangushwa na mtahini yeyote, mmoja tu ndiye waliyekubaliana. Jedwali hilo ni la mistari miwili, halijazi ukurasa.

Naomba wahariri wa majarida ya tiba wairudishe kwa mwenyewe taarifa yoyote inayoleta asilimia tupu.

Mkufunzi wa Wauguzi,
Morogoro.