Jiwe la Waridi Lisilo la Mlima Wetu

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu ili nimjibu mwenzetu aliyeandika muhula uliopita kwamba somo la Kemia linatujaza vichwa kwa majina ya vitu ambavyo mtu wa Masama hatavitia machoni maisha yake yote. Alitoa mfano wa rodokrosaiti, yaani kaboneti ya manganizi, akauliza: "Jiwe hilo litatufaa nini sisi wana wa migombani?" Nilipoyasoma maneno hayo nilicheka, kisha nikanyamaza, maana jibu ninalo, nalo limegharimu shilingi laki sita. Fedha hizo hazikuwa zangu.

Likizo ya Disemba kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alikuja nyumbani jioni amefunga kitu katika kitambaa. Akakifungua chini ya taa. Lilikuwa jiwe lipatalo yai la bata, limesuguliwa likang'aa, la rangi ya waridi iliyokolea, na ndani yake mistari myeupe imezungukana kama pete za gogo lililokatwa. Akasema ni rubi kutoka Longido. Aliyemwuzia alikuwa mgeni aliyepita vihambani, akidai ana haraka na hawezi kufika sokoni. Kaka aliuza mtamba wa mama yake, akaongeza na fedha za kahawa, akalinunua, akitumaini kuliuza Arusha kwa mara kumi. Nina ruhusa yake kuyaandika haya, ila jina lake nisilitaje.

Kwa kweli jiwe lilipendeza. Hata mimi niliamini, kwa sababu rubi ya Longido ipo kweli. Hukaa ndani ya mwamba wa kijani wa zoisaiti, na Wamasai na wageni wote wanaijua. Lakini ile mistari ilinisumbua. Shule ilipofunguliwa nilimshawishi kaka aje nalo, nikamwomba mwalimu wetu wa Kemia atuachie maabara saa moja baada ya vipindi.

Tulianza na kipande cha kioo cha dirisha. Rubi ni ya tisa katika kipimo cha ugumu cha Mohs chenye ngazi kumi, wala haishindwi ila na almasi. Basi ilipasa ikwaruze kioo kama msumari ukwaruzavyo sabuni. Jiwe la kaka liliteleza juu ya kioo bila kuacha alama. Tukachukua kisu cha kawaida, tukakipitisha upande wa chini wa jiwe. Kikaacha mfuo mweupe. Kaka alishusha pumzi, akasema labda kisu ni kikali mno.

Tukalipima kwa mizani: gramu 216. Tukalifunga kwa uzi, tukalipima likiwa limezama majini: gramu 156. Tofauti ni 60, na 216 ukigawanya kwa 60 unapata 3.6. Rubi ni nzito mara nne ya maji. Kalsaiti, ambayo nayo yaweza kuwa ya waridi, haifiki hata tatu. Jiwe letu lilikuwa katikati. Mwalimu akasema, "Sasa nipeni ruhusa nilivunje ncha." Hapo kaka alikataa kabisa, akalishika kwa mikono miwili. Tulikaa kimya karibu robo saa, nadhani, ndipo akalitoa.

Ncha ilipovunjika ilipasuka kwa nyuso bapa zilizolala upande, kama kisanduku kilichosukumwa kikainama. Tukatia chembe zake katika asidi hidrokloriki baridi: vipovu vichache tu, vya uvivu. Tulipoipasha asidi moto, povu lilichemka. Hapo tulijua ni kaboneti, maana rubi haisumbuliwi na asidi hiyo. Mwisho mwalimu aliyeyusha unga wa jiwe pamoja na sodiamu kaboneti na nitreti ya potasi katika kijiko cha chuma juu ya moto mkali. Uji ule ulipopoa ulikuwa wa kijani. Kijani hicho ni dalili ya manganizi.

Basi ndilo hilo jiwe alilolikataa mwenzetu. Mjerumani Hausmann alilipa jina lake mwaka 1813 kwa maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya waridi na rangi. Ugumu wake ni kati ya tatu na nusu na nne, uzito wake ukiwa safi ni mara 3.7 ya maji, na karibu nusu ya uzito huo ni manganizi.

Tusiseme kwamba hatujui jamaa zake. Magadi tunayopikia maharage ni kaboneti. Ukikamulia ndimu juu yake utaona povu lile lile. Chokaa ni kaboneti. Mlima Ol Doinyo Lengai, karibu na Ziwa Natron, ndiyo volkano hai pekee duniani ijulikanayo kutoa lava ya kaboneti za sodiamu. Lava hiyo hutoka nyeusi na kwa unyevu wa hewa huwa nyeupe baada ya siku chache. Jiwe la waridi hufanya kinyume: likikaa muda mrefu kwenye hewa na maji hupata ganda la kahawia, hatimaye jeusi. Na manganizi yenyewe tunayo mikononi kila siku. Ule unga mweusi ndani ya betri ya tochi ni oksaidi yake. Zile punje za zambarau ambazo mama zetu huoshea vidonda na mboga zina manganizi pia.

Sasa, jiwe hili hutoka wapi? Mara nyingi huzaliwa pale maji ya moto yenye madini yanapopita katika nyufa za miamba na kuacha mzigo wake, ndiyo maana huonekana pamoja na mawe ya fedha, risasi na shaba. Kule Colorado, Marekani, upo mgodi uitwao Sweet Home uliochimbwa kwa ajili ya fedha tangu karne ya kumi na tisa. Mwaka 1992 ndimo ilimotoka fuwele nyekundu mashuhuri waiitayo Alma King, ambayo sasa iko katika jumba la makumbusho la Denver. Huko Capillitas, Argentina, maji yaliyodondoka ndani ya mashimo yaliunda mawe ya waridi yaning'iniayo kama mishumaa, na ukiyakata kwa msumeno unaona pete nyeupe na nyekundu. Pete! Mwalimu alipotusomea hayo, kaka alilitazama jiwe lake, akasema polepole, "Kumbe limevuka bahari." Mawe kama hayo husuguliwa na kuuzwa kwa wingi kama mapambo, kwa bei ndogo sana ukilinganisha na rubi.

Katika Afrika yetu pia lipo. Karibu na Hotazel, Afrika ya Kusini, yametoka mafuwele mekundu yanayogombewa na wakusanyaji wa dunia nzima. Huko Moanda, nchini Gabon, kaboneti ya manganizi imelala chini katika miamba ya matope ya kale yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, na yale madini meusi yanayochimbwa juu yake tangu mwaka 1962 yalitokana na kaboneti hiyo kuliwa na hewa na mvua.

Na Kilimanjaro je? Hapa ndipo ninapomwomba mwenzetu anisikilize. Mlima wetu ni wa volkano. Shira, Mawenzi na Kibo zimejengwa kwa lava katika muda wa miaka kama milioni mbili na nusu, nao kwa hesabu ya miamba ni umri wa mtoto mchanga. Ukiokota jiwe katika mto Kikafu utapata lava ya kijivu au nyeusi, na pengine lava ya Kibo yenye punje za felspa zilizochongoka kama uru wa karata. Lakini ukisimama juu huku Masama siku isiyo na mawingu na kutazama kusini, ng'ambo ya uwanja wa ndege, unaiona nyika ya Mirerani. Huko miamba ni mingine kabisa, ya mamia ya mamilioni ya miaka, iliyokandamizwa na kupikwa chini kabisa ya ardhi. Tanzanaiti iliyogunduliwa mwaka 1967 ilitoka katika miamba hiyo, wala haikutoka katika lava. Hivyo mtu ajaye na jiwe la thamani akisema ameliokota katika kijito cha Masama, au la rubi lenye pete kama gogo, amekwisha kujishtaki mwenyewe kabla hujatoa kisu mfukoni.

Kwa hiyo nasema kwamba jiwe lisilopatikana kwetu latupasa tulijue kama lile lipatikanalo, pengine zaidi, kwa sababu yule mgeni mwenye kitambaa hakuja kutuuzia lava. Alikuja na kitu tusichokijua akakipa jina la kitu tunachokijua.

Wako watakaosema: hiyo ni kazi ya Serikali. Kweli, tangu mwaka 2019 masoko ya madini yamefunguliwa mikoani, na Arusha kipo Kituo cha Jemolojia chenye wataalamu na vyombo. Nami namshauri kila mtu aende huko. Lakini jiwe la kaka halikuuzwa sokoni. Liliuzwa chini ya mgomba, saa kumi na mbili jioni, na mtu mwenye haraka. Wengine watasema mtihani hauulizi kukwaruza mawe. Hayo nayakubali, nayo yananiudhi. Vijana wangapi wa vijiji vyetu wameacha shule kwenda Mirerani au kuwa madalali wa mawe, hali hawajui hata kwamba rangi ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote? Manganizi hutia waridi katika rodokrosaiti, na hutia waridi vile vile katika aina moja ya zoisaiti, ndugu wa tanzanaiti. Katika rubi mwenye kutia wekundu ni kromiamu. Na Ziwa Natron huwa jekundu kwa sababu ya viumbe vidogo vipendavyo chumvi. Rangi ni ile ile au inakaribiana, lakini asili ni mbali mbali.

Ninaloomba si kubwa. Shule iweke trei moja ya mawe katika maabara: lava ya Kikafu, magadi, chokaa ya Tanga, kwatzi, kalsaiti, ganeti, na vipande vya zoisaiti vya daraja la chini vilivyonunuliwa sokoni kwa risiti. Pawepo kisu, kioo, mizani na chupa ya asidi. Na turuhusiwe kuyakwaruza. Nimeyaona makabati ya mawe katika shule nyingine, yamefungwa kufuli, vumbi limejaa, na ufunguo hajulikani aliye nao. Heri kusiwe na kabati.

Mimi nimekwisha kuanza. Kaka alikubali jiwe likatwe, na nusu yake iko katika maabara yetu pamoja na karatasi yenye hesabu zetu: 216, 156, 3.6. Atakaye aje alipime upya aone kama tulikosea. Nusu nyingine ameiweka dirishani kwake. Mtamba wa mama mkubwa bado hajarudishwa. Kaka anasubiri msimu wa kahawa.

Wako,
Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu