Vijana wasidharau shinikizo la damu

Miongoni mwa maradhi yanayowaangamiza Wakenya kimyakimya, shinikizo la damu lina hila yake ya pekee: humwachia mgonjwa nguvu zake zote. Hakohoi, hakondi, wala halazwi kitandani. Huenda kazini kila asubuhi, hucheza kandanda siku ya Jumapili, na akipanda ngazi hahemi kuliko wenzake. Ndiyo sababu vijana wengi, hasa wale wanaojivunia mazoezi yao, huyahesabu maradhi haya kuwa ya wazee na ya matajiri wenye vitambi. Kijana wa namna hiyo akiambiwa kwamba anayo, jambo la kwanza linalomjia akilini ni kuwa mashine ni mbovu.

Kijana mmoja tunayemfahamu, mwenye umri wa miaka 27, alijitokeza kutoa damu pamoja na wafanyakazi wenzake. Ni mchezaji wa kiungo katika timu ya mtaa wake na hukimbia alfajiri mara nne kwa juma. Muuguzi alimpima mara mbili, akamketisha kando apumzike, kisha akampima mara ya tatu. Kipimo kilikuwa 162 kwa 104. Damu yake haikuchukuliwa, na badala yake alipewa karatasi ya kumpeleka zahanati. Hakumwambia mtu. Miezi miwili baadaye mkewe aliikuta karatasi ile katika mfuko wa suruali alipokuwa akifua, na ndipo alipokwenda. Alipewa vidonge vya mwezi mmoja, akavimeza kwa siku kumi na mbili, akajiona yu mzima vilevile kama alivyokuwa kabla ya kuvimeza, akaviacha.

Hatuoni kwamba kijana huyu ni mpumbavu. Mtu asiyeumwa na chochote anapoambiwa ameze dawa kila siku, pengine maisha yake yote, ana haki ya kuuliza kwa nini. Lawama zetu twawaelekezea wale wanaompa dawa bila kumpa jibu.

Jibu lenyewe ni hili. Moyo ni msuli, na kama msuli wowote unaosukuma mzigo mzito mchana na usiku, hunenepa. Unene huo haumfai mtu kitu. Hatimaye moyo huchoka na kulegea. Mishipa midogo ya figo huharibika polepole bila maumivu, na mtu hutanabahi siku anapoambiwa kwamba itambidi asafishwe damu kwa mashine mara mbili au tatu kila juma. Mshipa wa ubongo ukipasuka au kuziba, huja kiharusi. Mzee wa miaka 70 aliyepatwa na shinikizo akiwa na miaka 60 amelibeba kwa miaka kumi. Kijana anayeanza na miaka 27 asipotibiwa atakuwa amelibeba kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu. Ujana hapo haumkingi, humrefushia safari.

Wapo wanaosema kwamba anayefanya kazi ya jasho hawezi kupatwa. Hao wangetazama yaliyoandikwa kuhusu nchi hii yenyewe. Mwaka wa 1929 daktari Mwingereza, C. P. Donnison, aliyehudumu Kavirondo Kusini, upande wa Nyanza, aliandika katika jarida la Lancet kwamba miongoni mwa wagonjwa takriban 1,800 waliolazwa katika muda wa miaka miwili hakumwona hata mmoja mwenye maradhi haya. Miaka arobaini baadaye, mnamo 1969, Gerald Shaper wa Chuo Kikuu cha Makerere pamoja na wenzake walichapisha habari za morani wa Kisamburu walioandikwa jeshini. Kule nyikani vijana hao waliishi kwa maziwa na kutembea kutwa, na shinikizo lao lilikuwa la chini. Katika jeshi hawakuacha kutumia viungo vyao, kwani askari hakai kitako, lakini chakula chao kilibadilika na chumvi waliyokula ikazidi mno. Shinikizo lao lilipanda.

Kisha mwaka wa 1990 jarida la madaktari wa Uingereza lilitoa matokeo ya utafiti uliofuata vijana wa Kiluo waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kuja Nairobi, wakilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Miezi michache tu baada ya kuwasili mjini, shinikizo la wahamiaji lilikuwa juu kuliko la wenzao. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi zaidi na upungufu wa madini ya potasiamu, ambayo hutoka katika mboga, maharagwe, viazi na matunda. Miezi michache! Hawakungoja mvi wala kitambi. Na leo maisha hayo ya mji yamekwisha kuwafuata watu hadi vijijini.

Kwa hivyo haishangazi kwamba uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulikuta takriban robo ya Wakenya wa umri kati ya miaka 18 na 69 wana shinikizo lililopanda. Linaloshtua zaidi ni kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja maishani mwao.

Isidhaniwe kuwa tunawakataza vijana mazoezi. Kukimbia, kuogelea na kuendesha baiskeli hushusha shinikizo, na kwa mwenye maradhi faida hiyo yaweza kukaribia ile ya kidonge kimoja. Ila wapo ambao kidonge kimoja hakiwatoshi, sembuse mbio. Mwenye kipimo cha 180 kwa 110 au zaidi na aweke mazoezi mazito kando hadi daktari amtulize. Wale wanyanyuao vyuma huku wameziba pumzi wajue kwamba shinikizo huruka juu sana kwa dakika ile. Kuna pia mambo yanayoandamana na michezo ambayo hayasemwi: dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wachezaji wetu humeza kama peremende baada ya kila mechi, hupandisha shinikizo na kuchosha figo. Vinywaji vya kuongeza nguvu, sindano za kujaza misuli, miraa ya kukesha nayo, vyote vimo katika orodha hiyo hiyo. Na nyama choma ya baada ya mchezo, pamoja na kile kilima cha chumvi kinachowekwa pembeni mwa ubao, tusiisahau. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa mkate, mchuzi, chipsi, soseji na vingine vyote kwa pamoja.

Kupima nako kuna adabu yake. Mtu aliyetoka mbio au aliyekunywa kahawa sasa hivi hapimwi. Aketi kwa dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, bila kuzungumza. Mkono wenye misuli minene ukifungwa mkanda mdogo, kipimo hupanda kwa uongo, na hili huwapata wanamichezo mara nyingi. Kipimo cha siku moja hakitoshi kumtia mtu ugonjwani, isipokuwa kikiwa cha juu kupindukia. Lakini kikirudi siku nyingine kikiwa 140 kwa 90 au zaidi, hapana nafasi tena ya kuilaumu mashine. Zaidi ya hayo, mgonjwa aliye chini ya miaka 40 yafaa atafutiwe chanzo. Baadhi ya vijana wana ugonjwa wa figo, mshipa uliobana au tezi iliyovuruga kazi yake, na hayo mengine yana tiba yake.

Kuhusu dawa, twawasihi vijana waseme wazi mbele ya daktari kwamba wao ni watu wa mazoezi. Dawa zinazopunguza mapigo ya moyo huweza kumfanya mkimbiaji ajihisi mzito, naye akaacha dawa badala ya kuomba abadilishiwe. Zile za kutoa maji mwilini zaweza kumtia kizunguzungu kwenye jua kali, na kwa mwanariadha wa mashindano zina balaa la pili: zimepigwa marufuku na Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa Haramu Michezoni, kwa kuwa huweza kuficha dawa nyingine. Katika nchi inayoishi kwa sifa ya wanariadha wake, ni ajabu kwamba onyo hili halisikiki mara kwa mara. Mwanamke kijana naye aulize kama dawa aliyopewa yafaa endapo atashika mimba, maana zipo zinazomdhuru mtoto tumboni. Aulize pia kuhusu vidonge vya kupanga uzazi, kwani baadhi yavyo hupandisha shinikizo. Dawa zinazomfaa kila mmoja wa hawa zipo, nazo si mpya wala si za ajabu.

Nchi hii imekwisha kuonyesha kwamba watu wake wanaweza kumeza dawa kila siku bila kukosa. Wanaoishi na virusi vya Ukimwi wamefanya hivyo kwa miaka mingi, kwa sababu walielezwa, wakaitwa walipokosa kuja, na zaidi ya yote kwa sababu walizikuta dawa walipokuja. Mgonjwa wa shinikizo hana anayemwita.

Kijana tuliyemtaja amerudi zahanati baada ya mkewe kumshika mkono, na sasa kipimo chake kimeshuka hadi 134 kwa 86. Angali anacheza. Mara ya mwisho alipokwenda kuchukua vidonge aliambiwa vimekwisha, akanunue dukani. Serikali za kaunti, ambazo tangu 2013 ndizo zenye jukumu la zahanati zetu, ziwaeleze wananchi ni kwa nini dawa ya bei ya chini inayojulikana ulimwenguni kote hukosekana kabla ya mwisho wa mwezi. Vyuo vikuu, vyuo vya ufundi, viwanda na vyama vya michezo navyo vinunue mashine ya kupimia na mikanda ya saizi mbili, ile ya kawaida na ile ya mkono mnene, viiweke mahali ambapo kijana ataikuta pasipo kwenda hospitali.