Chama na Kijana Wetu wa Kata

Nina dukuduku juu ya jambo ambalo limetugombanisha wapenzi wa kandanda hapa Bariadi kwa miaka mingi. Jambo lenyewe ni thamani ya kiungo Clatous Chama, Mzambia aliyekuja kuichezea Simba mwaka 2018.

Mimi ni mkulima wa pamba, na ni Simba tangu utotoni. Nalisema hilo mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Shemeji yangu ni Yanga. Msimu wa pamba, tukiwa kwenye foleni ya mizani, badala ya kuzungumzia bei tunabishana juu ya Chama, hata siku moja mzee mmoja akauliza kwa hasira: Chama yupi huyo, cha msingi au wa Msimbazi?

Hoja ya shemeji ilikuwa nzito, wala siidharau. Alisema mchezaji anayelipwa kila mwezi acheze kila wiki. Mtu wa Simiyu anayetaka kuona timu hizi kwa macho yake hana budi kupanda basi alfajiri, apitie Lamadi na Magu mpaka Mwanza, kisha alipe kiingilio pale Kirumba. Mtu wa namna hiyo hataki kuambiwa kwamba leo kiungo hakuamka vizuri, tungoje mechi kubwa.

Nami nilikuwa nikimjibu kwa tarehe. Desemba 23, 2018, Simba ilikuwa inarudiana na Nkana baada ya kufungwa 2-1 kule Kitwe. Dakika za mwisho matokeo yalikuwa 2-1 kwa Simba, yaani sawa kwa sawa, na sote tulikuwa tunawaza penalti. Chama akafunga kwa kisigino. Simba ikaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 2003. Machi 16, 2019, mambo yakawa yale yale: AS Vita ya Kongo, dakika ya 90, Chama tena, 2-1, na Simba ikaenda robo fainali.

Shemeji naye hakukosa la kusema. Katika makundi hayo hayo Simba ilifungwa 5-0 Kinshasa na 5-0 Misri. Mwaka 2023 Simba ilifungwa 1-0 na Horoya kule Guinea, ikafungwa 3-0 na Raja nyumbani, kisha Machi 18 ikaifunga Horoya hiyo hiyo 7-0, na mabao matatu yakiwa ya Chama. Alikuwa akiniuliza, sasa huyu ni mchezaji gani, wa mvua au wa kiangazi? Na Desemba mwaka huo uongozi wa Simba ulipomsimamisha kwa sababu za nidhamu, shemeji alinijia nyumbani kunipa pole huku akicheka.

La kushangaza, Ndugu Mhariri, lilitokea Julai 2024, Chama alipohamia Yanga. Kwa siku moja tu tulibadilishana maneno kama watu wanaobadilishana jembe. Shemeji akaanza kunieleza habari ya bao la Nkana kana kwamba sikuliona. Mimi nikajikuta nasema Chama ni mvivu, hakabi, umri umemtupa mkono. Ndipo nilipoona aibu. Miaka yote ile tulikuwa tunaipima jezi tu! Waliokuwapo wakati Haruna Niyonzima alipotoka Yanga kwenda Simba mwaka 2017 watakumbuka kwamba nasi tulifanya vivyo hivyo, kwa upande wa pili.

Pale Yanga mara nyingi alianzia benchi. Walikuwapo Aziz Ki, Pacome na Maxi Nzengeli, wote wakitaka mpira ule ule katika eneo lile lile. Lakini ukirudi nyuma uitazame Simba ya 2018/19 utaona nyuma yake walikuwapo Jonas Mkude na James Kotei, watu wa kukaba na kukimbia. Chama alipopoteza mpira kulikuwa na wa kuutafuta. Kwa maoni yangu kiungo wa aina hii hana thamani moja inayokwenda naye kila anakohamia, kama gunia lililokwisha kupimwa. Nusu ya thamani yake imo miguuni mwa wenzake, na wa kuulizwa ni kocha aliyepanga timu na viongozi waliosajili.

Sisi Wasukuma jambo hili tunalijua katika ngoma. Bagika na Bagalu wanaposhindana baada ya mavuno, watu huhamia kwa manju mwenye maneno makali. Lakini sijaona manju akipewa ngoma zote azipige mwenyewe, aitikie mwenyewe, na acheze mwenyewe. Akikosa waitikiaji anaonekana bubu.

Naandika haya kwa sababu si habari ya Chama peke yake. Miaka kadhaa iliyopita timu ya kata yetu ilikuwa na kijana wa kiungo ambaye akiamka vizuri hata mabeki wa timu pinzani walisimama kumtazama. Siku nyingine alikuwa haonekani. Tulifika fainali ya kugombea ng'ombe, tukafungwa, na yeye siku hiyo hakuonekana. Jioni ile ile kamati ikakaa. Mimi nilikuwa mjumbe. Tulimwita mvivu mbele ya baba yake, tukapiga kura aachwe, na mkono wangu ulikuwa juu pamoja na mingine. Hakuna aliyeuliza kwa nini siku ile tulimpanga na viungo wenzake wawili ambao nao hawakabi. Hakuna aliyeuliza kama alikuwa amekula.

Hakurudi tena uwanjani. Sasa anaendesha bodaboda, na mara moja moja hunibeba kutoka sokoni. Hunisalimu vizuri, "Shikamoo baba," na habari za mpira hatuzigusi.

Mwaka huu tuna kijana mwingine wa namna ile ile, na maneno yamekwisha kuanza. Nimeiomba kamati impange pamoja na vijana wawili wenye pumzi kabla ya kumhukumu. Shemeji, ambaye ndiye mweka hazina, anasema timu haina fedha za kulisha wachezaji wa kukimbia kwa niaba ya mwenzao. Kikao kijacho ni Jumapili, na safari hii nitasema yote niliyoyaandika hapa.

Mpenzi wa Kandanda,
Bariadi, Simiyu.